Kwa nini baridi haiuangamizi mwani wa kijani wa Bretagne

Katikati ya Januari, ufuo wa Saint-Michel-en-Grève, katika mkoa wa Bretagne kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, hauonyeshi dalili yoyote ya hatari. Maji yanapokupwa huacha mchanga mpana na mtupu, na anayepita hapo hukutana na upepo na ndege wa pwani tu. Ni vigumu kuamini kwamba ufuo huo huo, ifikapo Julai, huweza kufunikwa na tabaka nene la mwani wa kijani unaooza, na kwamba mwezi Julai 2009 farasi alikufa hapo baada ya kuvuta gesi iliyotoka katika mwani huo, huku aliyekuwa amempanda akipoteza fahamu.

Bretagne ni miongoni mwa sehemu ambazo familia nyingi za hapa Ubelgiji huenda wakati wa likizo ya shule. Kila mwaka, siku za joto, husikika habari za fukwe kufungwa. Ifikapo Novemba habari hizo hunyamaza, kana kwamba tatizo limekwisha. Kumbe halijakwisha. Mwani unaojaa ufukweni wakati wa joto hauanzi upya kila mwaka kutoka mahali pa mbali. Sehemu yake hubaki ndani ya ghuba, ukistahimili giza na baridi, ukingojea mwanga. Makala hii inaeleza jinsi unavyoweza kufanya hivyo, na kwa nini watafiti na wakuu wa serikali za mitaa huitazama bahari mwezi Februari ili kujua itakavyokuwa mwezi Juni.

Jani lenye tabaka mbili za seli

Wasomaji wetu waliokulia Unguja au Pemba wanalijua neno mwani kwa maana ya riziki: ni zao ambalo wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilifunga kwenye kamba na kulivuna tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani ule ni wa jamii nyingine, tena hupandwa kwa mkono. Mwani wa Bretagne haukupandwa na mtu. Kitaalamu huitwa Ulva, na Wafaransa huuita kwa jina lenye maana ya saladi ya bahari, kwa kuwa unafanana na majani mapana ya letusi. Ukiwa mbichi hauna sumu, na wapo wanaoula. Madhara huanza pale unaporundikana na kuoza.

Umbo lake ni sahili mno. Jani la Ulva lina tabaka mbili tu za seli. Halina mizizi ya kunyonya chakula wala shina la kukisafirisha. Karibu kila seli hupokea mwanga na virutubisho moja kwa moja kutoka katika maji yanayoizunguka. Ndiyo sababu kipande kilichokatwa na mawimbi hakifi, bali huendelea kukua na kuwa jani jingine. Katika ghuba za Bretagne mwani huu hauhitaji hata jiwe la kushikilia. Huelea katika maji mafupi, ukisukumwa huku na huku na mawimbi, na hali ikiwa njema uzito wake huweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku chache.

Wepesi huo wa umbo unaoufanya ukue haraka wakati wa joto ndio pia unaoufanya uvumilie baridi. Usio na shina hauna shina la kulilisha.

Baridi inapogeuka kuwa ghala

Tuanze na kile ambacho majira ya baridi huuondolea mwani. Mwezi Juni, mchana wa Bretagne huchukua takriban saa 16. Mwishoni mwa Desemba huchukua kidogo zaidi ya saa 8, na jua likiwa chini hutoa mwanga hafifu. Dhoruba huchafua maji na kupunguza hata mwanga huo mdogo. Joto la bahari, ambalo wakati wa kiangazi hufikia nyuzi 17 au 18 za Selsiasi, hushuka hadi nyuzi 9 hivi. Ukuaji hukaribia kusimama.

Hata hivyo, kutokukua si kufa. Kila kiumbe hai hutumia akiba yake ili kudumu, kama taa inavyotumia mafuta. Baridi huupunguza utambi wa taa hiyo. Seli za mwani zilizo katika maji baridi hutumia wanga wake kidogo kidogo, na akiba ambayo katika joto ingekwisha kwa muda mfupi huweza kudumu kwa wiki nyingi.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloshangaza zaidi. Mwezi Julai, mwani ukirundikana ufukweni, tabaka za chini hukosa mwanga na hewa. Bakteria huimaliza oksijeni iliyomo ndani ya rundo, na baada ya takriban siku mbili kuoza huanza, pamoja na gesi yake ya sumu. Mwezi Januari, mwani huo huo ukifunikwa na mchanga au tope, nao pia hukaa gizani bila hewa ya kutosha. Lakini kwa kuwa kuna baridi, bakteria hufanya kazi polepole, na mwani wenyewe hauhitaji mengi. Giza lile lile linalouozesha wakati wa joto huuhifadhi wakati wa baridi, kama mboga zinavyooza mezani kwa siku mbili lakini zikakaa wiki nzima ndani ya jokofu.

Jambo la tatu ni naitrojeni. Mito hubeba naitreti nyingi zaidi wakati wa mvua za baridi, yaani wakati ambapo mwani hauna mwanga wa kuzitumia. Lakini Ulva huweza kunyonya naitrojeni kupita mahitaji yake ya siku ile na kuiweka ndani ya seli. Kwa hiyo kipande kilichofika mwezi Machi kikiwa hai huanza majira ya machipuko kikiwa na mfuko uliojaa. Kinachokosekana ni mwanga tu, na mwanga huo unarudi siku baada ya siku.

Tope la Veerse Meer

Maelezo haya si dhana tupu. Sehemu yake imethibitishwa karibu kabisa na mpaka wetu, katika jimbo la Zeeland nchini Uholanzi. Ziwa la Veerse Meer lilikuwa mkono wa bahari hadi mwaka 1961, lilipofungwa kwa boma katika mradi mkubwa wa kuilinda nchi hiyo dhidi ya mafuriko ya bahari. Baada ya kufungwa, maji yake yalikaa mahali pamoja, yakapokea mifereji kutoka mashamba ya jirani, na saladi ya bahari ikastawi hadi kuwa kero kwa wenye mashua na waogeleaji.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi walijiuliza mwani huo hutoka wapi kila machipuko. Walichunguza kilichobaki ndani ya maji wakati wa baridi, na pia kilichofukiwa chini. Waligundua kwamba vipande vya Ulva huendelea kuwa hai vikiwa vimefunikwa na mashapo, na kwamba vikirudishwa kwenye mwanga huanza kukua tena. Kwa maneno mengine, chini ya ziwa kulikuwa na mbegu ya mwaka unaofuata, ingawa haikuwa mbegu kwa maana ya kawaida, bali vipande vya mwani wa mwaka uliopita.

Habari ya Veerse Meer ina mwisho wenye matumaini. Mwaka 2004 Waholanzi walifungua mfereji wa chini ya boma uitwao Katse Heule, unaoruhusu maji ya chumvi ya Oosterschelde kuingia na kutoka. Maji yakaanza kubadilishwa upya, oksijeni ikarejea katika sehemu zenye kina, na mwani ukapungua. Vipande vilivyofukiwa topeni havikuhitaji kutafutwa kimoja kimoja. Kilichobadilika ni maji ambamo vingechipukia.

Mawe ya Baltiki

Mashariki zaidi, katika Bahari ya Baltiki, kwenye pwani ya kaskazini mwa Ujerumani, mwani hutumia njia nyingine. Huko maji hayajai wala kupwa kwa kiwango cha kuonekana, na katika miaka ya baridi kali ghuba zenye maji mafupi huganda. Anayetazama mawe ya ghuba hizo mwezi Februari huyaona kuwa matupu. Lakini si matupu.

Kabla ya baridi, jani la mwani wa kijani huweza kutoa seli ndogo sana zenye mikia ya kuogelea, zisizoonekana kwa macho. Seli hizo hutua juu ya mawe, makombe na hata magamba ya konokono, zikaota kidogo, kisha zikasimama. Hukaa hivyo gizani na baridini kwa miezi. Watafiti waliofanya majaribio huko waliona kwamba joto na mwanga vinapoongezeka katika machipuko, zulia hilo lisiloonekana huamka lote kwa pamoja. Waliona pia kwamba konokono na wadudu wadogo wa majini hula machipukizi mengi, na mahali ambapo walaji hao wapo kwa wingi mwani hucheleweshwa. Virutubisho vikizidi mno, mwani hukua haraka kuliko unavyoliwa.

Hivyo mwani wa kijani una njia mbili za kuvuka majira ya baridi: vipande vilivyo hai, vinavyoelea au vilivyofukiwa, na seli ndogo zinazolala juu ya mawe. Katika ghuba za Bretagne, ambako mwani huelea bila kushikamana na kitu, vipande ndivyo vyenye uzito zaidi.

Dhoruba, adui wa kweli wa mwani

Ikiwa baridi haiuui mwani, ni nini basi kinachoupunguza? Katika ghuba zilizo wazi za Bretagne jibu ni mawimbi. Dhoruba kubwa kutoka Bahari ya Atlantiki huuchukua mwani uliosalia na kuutawanya nje, kwenye maji yenye kina ambako mwanga hauufikii tena. Majira ya baridi yenye dhoruba nyingi huacha akiba ndogo. Majira ya baridi yaliyo tulivu huacha akiba kubwa, na mwani huanza mapema.

Mfano unaokumbukwa ni wa mwanzoni mwa 2014, pale dhoruba zilipofuatana moja baada ya nyingine kwenye pwani hiyo. Machipuko ya mwaka huo yalianza na mwani mchache. Kituo cha utafiti wa mwani cha CEVA, kilichopo Pleubian, ambacho kwa zaidi ya miaka 20 kimekuwa kikiipima hali ya fukwe kwa kupiga picha kutoka angani, huzingatia akiba ya baridi kama mojawapo ya dalili za msimu unaokuja.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kama ni hivyo, kwa nini akiba hiyo isizolewe yote mwezi Februari? Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue ghuba yenye tani 100 za mwani mwishoni mwa baridi, na tukadirie kwamba uzito huo huongezeka maradufu kila wiki. Tukifanikiwa kuondoa tani 90, zitabaki 10. Baada ya wiki moja zitakuwa 20, baada ya mbili 40, baada ya tatu 80, na katika wiki ya nne zitakuwa zimeipita ile akiba ya mwanzo. Kazi ngumu ya kuondoa sehemu tisa kati ya kumi imenunua muda usiozidi mwezi mmoja. Akiba ya baridi huamua lini msimu utaanza. Urefu wa rundo la mwisho huamuliwa na kitu kingine, nacho ni chakula.

Chakula kinachotoka mashambani

Chakula hicho ni naitrojeni. Kufikia Juni, mwani huwa umetumia sehemu kubwa ya akiba yake ya ndani, na kuanzia hapo hutegemea kile ambacho mito inaleta. Bretagne hufuga zaidi ya nusu ya nguruwe wote wa Ufaransa, pamoja na kuku na ng'ombe wengi. Samadi ya mifugo hiyo, ikijumlishwa na mbolea za viwandani, imekuwa ikimwagwa mashambani kwa kiwango ambacho udongo hauwezi kukishika chote. Mvua huosha kinachobaki hadi mitoni.

Wastani wa naitreti katika mito ya mkoa huo ulikaribia miligramu 50 kwa lita katika miaka ya 1990. Tangu wakati huo umeshuka hadi kati ya 30 na 40, mafanikio ambayo wakulima wana haki ya kuyataja. Tatizo ni kwamba kipimo cha binadamu si kipimo cha mwani. Sheria za Ulaya huruhusu miligramu 50 katika maji ya kunywa. Kwa ghuba zilizo nyeti, watafiti wamekadiria kwamba mwani hautapungua kwa dhahiri mpaka mito ikaribie miligramu 10. Maji yanayoruhusiwa kunywewa na mtoto, basi, yanatosha kabisa kuulisha mwani.

Hapa majira ya baridi yanarudi tena, safari hii nchi kavu. Shamba la mahindi likishavunwa wakati wa majani kupukutika huachwa wazi, na mvua za Novemba hadi Februari hupita katika udongo usio na mizizi. Kwa sababu hiyo sheria sasa hukataza kumwaga samadi katika miezi maalumu, na huwataka wakulima kupanda mimea ya kufunika udongo, kama haradali, ili inyonye naitreti kabla hazijafika mtoni.

Mwaka 2010 serikali ya Ufaransa ilianzisha mpango maalumu kwa ghuba 8 zilizoathirika zaidi, zikiwemo Saint-Brieuc na Douarnenez. Mwaka 2021 Mahakama ya Hesabu ya nchi hiyo, ambayo hukagua matumizi ya fedha za umma, iliukosoa mpango huo kwa kuwa na malengo yasiyo wazi na matokeo yasiyotosha. Wakati huohuo serikali za mitaa huendelea kuzoa makumi ya maelfu ya tani katika misimu mibaya. Hulazimika kufanya hivyo kwa ajili ya usalama wa watu, hata kama kuzoa hakuondoi chanzo.

Gharama iliyopimwa mahakamani

Usalama huo si jambo la kinadharia. Mwaka 2011 nguruwe mwitu wapatao 36 walikutwa wamekufa karibu na mlango wa mto Gouessant, katika ghuba ya Saint-Brieuc. Mwaka 2016, katika mlango wa mto huo huo, mwanamume aliyekuwa akikimbia kwa mazoezi alikutwa amekufa topeni. Familia yake ilidai kwa miaka mingi kwamba aliuawa na gesi ya mwani. Mwezi Juni 2025 mahakama ya rufaa ya masuala ya utawala mjini Nantes iliipa haki: iliamua kwamba serikali inawajibika kwa asilimia 60 ya madhara yaliyotokana na kifo hicho, kwa kushindwa kutekeleza ipasavyo sheria za kuyalinda maji dhidi ya naitreti.

Uamuzi huo unafuata mantiki ile ile inayoonekana ghubani. Aliyekufa alikutana na gesi mwezi Septemba, lakini sababu za gesi hiyo zilikuwa zimeanza mapema zaidi, katika mashamba na mito, na katika ofisi ambazo zilipaswa kusimamia sheria.

Kwa wanaokwenda pwani

Gesi inayotajwa hapa ni haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo hunuka kama yai bovu. Ikiwa nyingi huidhoofisha pua, na mtu huacha kuisikia harufu wakati hatari ndiyo inazidi. Kwa hiyo kutoweka kwa harufu si dalili ya usalama. Ni nzito kuliko hewa, na hutulia mahali pa chini. Wasomaji wetu waliotoka Goma watakumbuka mazuku, ile gesi ya volkano inayojikusanya mabondeni na kuua wanyama na watoto kabla ya watu wazima. Mazuku ni gesi nyingine, tena haina harufu, lakini tahadhari yake ni ile ile: aliye karibu na ardhi ndiye aliye hatarini zaidi.

Rundo la mwani lililokauka juu na kuwa jeupe huonekana gumu, kumbe chini yake gesi imefungiwa, na anayelikanyaga huifungulia. Watoto na mbwa wasiruhusiwe kucheza juu yake. Milango ya mito yenye tope na mwani isikatizwe kwa miguu, hata kama njia inaonekana fupi. Bango la katazo liheshimiwe. Mtu akianguka, kimbilio la kwanza ni kupiga simu namba 112. Anayemkimbilia bila kinga huweza kuanguka pia.

Sehemu kubwa ya pwani ya Bretagne iko salama mwaka mzima, na mwani mbichi unaoelea majini haumdhuru anayeogelea. Lakini atakayepita Saint-Michel-en-Grève mwezi Januari na kuukuta mchanga mtupu asidhani kwamba bahari imejisafisha. Katika maji mafupi mbele yake, na chini ya mchanga, vipo vipande vyembamba vya kijani vilivyo hai. Vitakachokikuta mwezi Aprili kinategemea mvua inayonyesha sasa hivi, na udongo inaouangukia.